Stempu ya Senti 37: Kisa cha Mpiga Picha, Mchongaji na Posta ya Marekani

Tarehe 27 Julai 2003, siku ambayo makubaliano ya kusitisha Vita vya Korea yalitimiza miaka 50, Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu ya senti 37. Ilionyesha askari waliovaa makoti mapana ya mvua, wakitembea kwenye theluji, kijivu juu ya kijivu. Askari hao ni sanamu za chuma kisichoshika kutu, zimesimama katika uwanja mkuu wa Washington, mahali pasipo na lango wala tiketi, na watu huzipiga picha kutwa kucha. Posta ilimlipa mpiga picha dola 1,500. Mchongaji haikumlipa kitu wala haikumwuliza. Baada ya kesi kupanda na kushuka mahakamani kwa miaka, mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba Serikali ya Marekani imlipe mchongaji huyo dola 684,844.94.

Kesi yenyewe inaitwa Gaylord dhidi ya Marekani. Nimeichagua kwa sababu inagusa dhana ambayo wapiga picha wengi wa mijini tunaishi nayo bila kuihoji: kwamba kazi ya sanaa ikishawekwa mahali pa wote, basi ni ya wote. Mahali ni pa wote, kweli. Kazi inaweza kuwa na mwenyewe kwa miongo mingi ijayo, na ni tofauti hiyo ndogo iliyoigharimu Posta.

Tuanze na kazi ilivyozaliwa, maana mzozo wote umejengwa juu ya hapo. Bunge la Marekani liliidhinisha mnara wa kumbukumbu ya askari wa Vita vya Korea mwaka 1986. Ubunifu wa kwanza ulikuwa na askari 38. Baadaye kampuni ya wasanifu ya Cooper-Lecky ilishika usimamizi wa mradi, na mwaka 1990 Frank Gaylord, mchongaji wa Vermont ambaye mwenyewe aliwahi kuwa askari wa miavuli katika Vita Kuu ya Pili, akateuliwa kuchonga. Askari walipunguzwa wakawa 19: kumi na wanne wa jeshi la nchi kavu, watatu wa kikosi cha Marine, mmoja wa jeshi la majini na mmoja wa jeshi la anga. Kila sanamu inazidi mita mbili kwa urefu. Kando yao kuna ukuta wa granite nyeusi iliyong'arishwa, na mtu akisimama mahali panapofaa anaona vivuli vyao ukutani. 19 wanarudi kuwa 38. Mnara ulizinduliwa tarehe 27 Julai 1995.

Kamati zilikuwa nyingi. Kulikuwa na bodi ya washauri wa mnara, kulikuwa na tume ya sanaa ya serikali, kulikuwa na wasanifu, na kila upande ulitoa maoni kuhusu nyuso, mavazi na namna askari watakavyokaa. Katikati ya maoni hayo Gaylord alifanya jambo moja ambalo lilikuja kumwokoa: kati ya mwaka 1990 na 1995 aliziandikisha kazi zake katika ofisi ya hakimiliki, kwa jina lake peke yake.

Januari 1996, baada ya dhoruba ya theluji, mpiga picha asiye wa kulipwa, aliyewahi kuwa askari wa Marine, alifika kwenye mnara kabla jua halijachomoza. Baba yake alikuwa mkongwe wa vita vya Korea na alikuwa anastaafu. Mwana alitaka kumpa picha iwe zawadi. Alipiga picha zipatazo mia, akibadili pembe, mwanga na muda wa kufungua lenzi, kisha akachagua moja. Hadi hapo sheria haikuwa na neno naye, na sidhani kama kuna mchongaji duniani ambaye angemlalamikia.

Picha ikapendwa. Akataka kuuza nakala, na hapa ndipo ninapomheshimu sana: aliuliza. Alijua kwamba ndani ya picha yake kuna kazi ya mtu mwingine, akatafuta wa kumwomba ruhusa. Akaelekezwa kwa mmoja wa wasanifu wa mradi, ambaye alijitambulisha kuwa ndiye mwenye haki. Wakakubaliana mrabaha wa asilimia 10 ya mauzo. Gaylord hakuambiwa.

Mwaka 2002 Posta ilipoamua kutoa stempu ya kumbukumbu, iliipata picha hiyo na kununua ruhusa ya kuitumia. Mpiga picha aliwaeleza kwamba watahitaji pia ruhusa ya mwenye haki ya sanamu zenyewe. Hawakuitafuta. Waliipunguza rangi picha hadi ikakaribia kuwa ya rangi moja, wakachapa stempu zipatazo milioni 86.8. Karibu milioni 48 ziliuzwa na kuingiza zaidi ya dola milioni 17 kabla stempu hiyo haijaondolewa mauzoni mwezi Machi 2005. Mwaka uliofuata Gaylord alifungua kesi.

Swali la kwanza: kazi ni ya nani?

Serikali ilikuja na hoja kwamba sanamu hizo si za Gaylord peke yake. Kwa vile bodi na tume zake zilitoa maelekezo, ilisema, serikali nayo ni mtunzi mwenza, na mtunzi mwenza hahitaji kumwomba mwenzake ruhusa ya kutumia kazi yao. Hoja hii ina mvuto ukiisikia mara ya kwanza. Sanaa ya hadharani karibu yote hupitia kamati, na kama maoni ya kamati yangetosha kuwafanya wanakamati kuwa watunzi, hakuna mchongaji angebaki na haki juu ya sanamu yoyote iliyowahi kuagizwa na manispaa.

Mahakama ziliikataa. Kusema "huyu askari aonekane mchovu zaidi" ni kutoa wazo, na wazo halina hakimiliki. Anayeligeuza kuwa uso, mkunjo wa koti na mguu uliokanyaga ndiye mtunzi. Wala kulipwa hakukumwondolea Gaylord haki yake. Msingi wa jambo hili ulikuwa umewekwa mwaka 1989, na inatokea kwamba nao ulihusu sanamu ya Washington: shirika la kutetea watu wasio na makazi lilimwagiza mchongaji James Earl Reid sanamu ya familia isiyo na nyumba, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mchongaji aliyepewa kazi kwa mkataba wa nje si mwajiriwa, hivyo aliyelipia hawi mtunzi kwa sababu tu amelipa. Ili haki ihame, sheria ya Marekani inadai maandishi yenye sahihi ya mwenye haki. Hayakuwapo.

Ukilirudia tukio la mpiga picha na msanifu ukiwa na maelezo haya, unaona kosa lilipoingilia. Aliuliza watu, na watu walijibu kwa kujiamini. Daftari la ofisi ya hakimiliki lilikuwa na jibu jingine, limeandikwa wazi, tangu kabla mnara haujazinduliwa. Yeyote anayepanga kuuza picha ya sanamu mpya angeanza huko, na akishapata jina la mchongaji amwandikie mchongaji mwenyewe. Mwenye uwanja, mwenye jengo, msimamizi wa bustani, kampuni iliyojenga: wote wanaweza kuwa na mamlaka ya kukuruhusu kusimika tripodi, na wakawa hawana hata chembe ya haki juu ya kile kilicho mbele ya lenzi yako. Gaylord alimshtaki mpiga picha pia, na wakamalizana kwa makubaliano ya asilimia 10 ya mapato halisi ya nakala. Kwa maneno mengine, alilipa kiwango kilekile alichokuwa amekubali kulipa tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba mara hii kilikwenda kwa mwenyewe.

Jengo na sanamu

Hoja ya pili ya serikali haikuchukua muda mrefu mahakamani, lakini kwa mpiga picha wa mjini ina thamani kuliko zote. Sheria ya Marekani inaruhusu mtu yeyote kupiga picha jengo linaloonekana kutoka mahali pa umma, na kuiuza picha hiyo, hata kama jengo lina hakimiliki. Ulinzi wa majengo wenyewe uliingia mwaka 1990, na kifungu hiki cha kuwaachia wapiga picha nafasi kiliingia pamoja nao. Serikali ikasema: mnara ni kazi ya usanifu majengo, kwa hiyo picha yake ni halali.

Mahakama ikatazama jengo ni nini. Jengo ni kitu ambacho watu huingia na kukitumia. Safu ya askari 19 haikaliwi na mtu, haina chumba, haimkingi mtu mvua. Ni sanamu, na kwa sanamu Marekani haikuweka ruhusa kama ile.

Matokeo yake ni hali ambayo huwashangaza wengi. Unaweza kusimama barabarani, ukapiga picha ghorofa jipya la kioo na kuiuza kwa kampuni ya kadi bila kumwuliza mbunifu wake. Sanamu iliyosimama mlangoni mwa ghorofa hilohilo, ikiwa ni ya msanii aliye hai na ndiyo kiini cha picha yako, inadai mazungumzo mengine kabisa. Na umri nao unabadilisha kila kitu. Kutoka kwa askari wa Gaylord ni mwendo mfupi kwa miguu hadi kwenye sanamu kubwa ya Lincoln, kazi ya Daniel Chester French, iliyozinduliwa mwaka 1922. Hiyo hakimiliki yake imekwisha. Chapa stempu, chapa kalenda, hakuna wa kukuuliza. Gaylord alifariki mwaka 2018, na kwa kuwa haki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, askari wake watakuwa na mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2088. Wanaotembea katika uwanja ule hawaoni mpaka huo, lakini upo.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, inaruhusu kupiga picha sanamu iliyowekwa kwa kudumu mahali pa umma na kuisambaza picha hiyo, hata kibiashara. Ujerumani nayo inaruhusu, ila majaji wake wanasisitiza neno "kudumu": wasanii Christo na Jeanne-Claude walipolifunika kwa kitambaa jengo la bunge, Reichstag, mjini Berlin mwaka 1995, mahakama ilisema baadaye kwamba kazi ile ilikuwa ya muda, hivyo aliyeuza kadi za picha zake alihitaji ruhusa. Ufaransa ilifungua mlango mwaka 2016, lakini kwa watu binafsi tu na kwa matumizi yasiyo ya biashara. Stempu ileile, picha ileile, ingekuwa halali London na kosa Washington.

Theluji ni ya nani?

Kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu: matumizi ya haki. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kutumia kazi ya mwingine bila ruhusa pale mizani ya mambo manne inapomwelekea: lengo la matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa, na madhara kwa soko la mwenye kazi. Mwaka 2008 mahakama ya kwanza iliipa serikali ushindi hapa. Jaji aliona kwamba picha, na baadaye stempu, zilibadilisha sanamu kuwa kitu kipya. Theluji, mwanga hafifu wa alfajiri na rangi iliyofifia vilimtoa mtazamaji katika bustani ya Washington na kumweka mahali pa ndoto, asijue kama anaona sanamu au watu.

Februari 2010 Mahakama ya Rufaa ilipindua uamuzi huo, jaji mmoja kati ya watatu akipinga. Walio wengi walisema sanamu na stempu zina lengo moja: kuwaenzi waliopigana Korea. Theluji na mwanga haviipi stempu maana mpya. Na walitamka, kwa ukali fulani, kwamba uamuzi wa maumbile kudondosha theluji hauwezi kumnyang'anya Gaylord haki yake. Kiasi kilichochukuliwa kilikuwa kikubwa, kwani askari 14 kati ya 19 walionekana. Katika jambo la nne tu, soko, serikali ilipata alama: hakuna ushahidi kwamba stempu iliharibu thamani ya sanamu.

Nakubaliana na hukumu hiyo. Sentensi ya theluji sikubaliani nayo. Theluji ilidondoka kwa kila mtu aliyekuwa Washington asubuhi ile. Aliyeamka gizani akaenda kusimama mbele ya wale askari, akapiga mara mia mpaka akapata ile moja, ni mtu mmoja. Kuchagua saa ndiyo kazi yetu. Mtu anayepiga picha sanamu haongezi mkono wala kichwa. Anaongeza hali ya hewa, urefu wa kivuli, umbali, na uamuzi wa kubonyeza sasa badala ya dakika tano zijazo. Mahakama ingeweza kulitambua hilo na bado ikafika palepale, kwa sababu swali halikuwa kama mpiga picha alitunga. Alitunga. Swali lilikuwa kama alichotunga kinafuta alichotunga Gaylord, na jibu ni hapana. Picha ile ina watunzi wawili mmoja juu ya mwingine, kama shairi lililotiwa muziki: anayenunua wimbo hawezi kumlipa mpiga kinanda na kumsahau aliyetunga beti.

Kuna namna ya kupiga picha sanaa ya hadharani ambayo ingeipa nguvu ya kweli hoja kwamba picha imeigeuza kazi kuwa kitu kipya. Picha inayoonyesha wafanyakazi wakisugua kinyesi cha ndege kwenye mabega ya askari inazungumzia kitu kingine, gharama ya kukumbuka. Picha ya mtaa ambamo sanamu inaonekana pembeni nyuma ya basi haijaichukua sanamu kama kiini chake. Ripoti ya habari kuhusu mnara inahitaji kuuonyesha. Stempu haikuwa na lolote kati ya haya. Ilitaka hasa kile ambacho Gaylord alikuwa amekitengeneza, hisia ileile kwa watu walewale, na ilikitaka kwa sababu alikuwa amekitengeneza vizuri.

Bei ya kutouliza

Serikali ya Marekani ikivunja hakimiliki haiwezi kuzuiwa na mahakama kuendelea kutumia kazi. Inaweza tu kudaiwa fidia. Kwa hiyo kilichofuata kilikuwa hesabu. Mwaka 2011 mahakama ya kwanza ilimpa Gaylord dola 5,000, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha juu ambacho Posta ilikuwa imezoea kulipa kwa picha ya stempu. Ilikuwa sawa na kusema kwamba aliyechukua bila kuuliza ndiye atakayepanga bei. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ilikataa mantiki hiyo na kuagiza fidia ikokotolewe kana kwamba muuzaji na mnunuzi walikaa mezani kabla ya kosa.

Mwaka 2013 hesabu ikafanywa upya. Stempu iliyobandikwa kwenye barua imelipia usafiri wa barua. Stempu ambayo mtu ameinunua na kuihifadhi bila kuitumia ni karibu faida tupu, na Posta yenyewe ilikuwa imekadiria kwamba wakusanyaji walibaki na stempu za thamani ya dola milioni 5.4. Asilimia 10 ya hizo, pamoja na malipo mengine, ikaifikisha fidia pale ilipofika. Rufaa ya serikali ilishindwa mwaka 2015. Gaylord alikuwa anakaribia miaka 90.

Lawama kubwa naiweka kwa Posta. Mpiga picha alikuwa na nia njema na njia mbovu. Posta ilikuwa na wanasheria, fedha, muda wa kutosha na onyo kutoka kwa mtu yuleyule iliyemnunulia picha. Ndiyo maana nasita ninaposikia wenzangu wakidai Marekani iige Uingereza moja kwa moja. Ningetaka mpiga picha mmoja mmoja awe huru kupiga sanamu ya mjini, kuichapisha katika mkusanyiko wa kazi zake na hata kuuza nakala chache ukutani mwa maonyesho bila woga. Lakini taasisi inayochapa mamilioni ya nakala ya kazi ya mchongaji aliye hai, na kuingiza mamilioni ya dola, iketi naye ikubaliane. Na manispaa zinazoagiza sanamu zina njia rahisi ya kuwaepusha wote: kuyamaliza masuala ya picha ndani ya mkataba wa kwanza, kisha kuandika kwenye kibao cha sanamu jina la mchongaji na pa kuulizia.

Desemba 2010, miezi kumi baada ya rufaa ile ya kwanza, Posta ilitoa stempu nyingine, ya Sanamu ya Uhuru. Picha ilinunuliwa kwa wakala wa picha kwa dola 1,500. Haikuwa sanamu ya New York, ambayo ilizinduliwa mwaka 1886 na haina tena mwenyewe. Ilikuwa nakala yenye uso uliochongwa upya na Robert Davidson, iliyosimama mbele ya hoteli ya kasino mjini Las Vegas. Mwaka 2018 mahakama iliamuru Davidson alipwe zaidi ya dola milioni 3.5.